Pumzi ya Mama Mkwe

Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Si ugomvi, ni heshima, na ni heshima yenye kazi nyingi. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani hadi mwenzake apite. Mama akiwa jikoni, mkwe hakaribii mlango. Husalimiana kwa kumtuma mtu wa tatu, au kupitia ukutani, na ukuta ukikosekana kila mmoja hugeukia upande wake na kuzungumza na hewa.

Mimi nilioa nikiwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, kichwa kimejaa vitabu, na niliamini kwamba mambo hayo yangeniondokea yenyewe kama homa. Hayakuniondokea. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa nilikutana na mama mkwe ana kwa ana katikati ya mji wa Nakuru, mchana, karibu na soko. Kichaka hakikuwepo. Mama akageuka akaingia duka la vitambaa la Mhindi, nami nikageuka nikaingia kwa kinyozi. Yeye, ili asionekane ameingia bure, alinunua kitambaa cha mapazia, ilhali dirisha la nyumba yake lilikuwa la mbao. Mimi nilinyolewa kichwa nilichokuwa nimekwisha kunyoa wiki ileile. Mke wangu alipousikia mkasa huo pande zote mbili alicheka mpaka akakaa chini.

Hiyo ilikuwa Nakuru ya mwanzo wa miaka ya sabini, mji ambao ungeweza kuujua kwa pua. Upepo ukitoka upande mmoja ulileta harufu ya maua ya pareto, yale ya dawa ya wadudu. Ukitoka ziwani wakati wa kiangazi ulileta vumbi jeupe lenye chumvi, likakaa kwenye ulimi na kwenye nguo zilizoanikwa. Nilifundisha shule ya sekondari. Mke wangu alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wauza mbegu. Tulipanga vyumba viwili na tulikuwa na Volkswagen ambayo mke wangu aliita samani, kwa kuwa ilikaa zaidi kuliko kutembea. Nikikumbuka siku zile huona mchana mrefu sana, wenye nafasi ya kila kitu, ingawa najua mchana wa sasa una saa zilezile.

Mama mkwe alikuwa mjane na aliishi Mau Narok, kwenye kipande cha shamba lililokuwa la mzungu kabla halijagawanywa. Alilima viazi na kufuga ng'ombe wachache. Siku moja jembe la meno lilimchoma mguuni. Akafunga kitambaa, akaendelea kuchimba. Kidonda kikaanza kufunga, naye akakisahau. Baadaye taya likakaza, halafu shingo, halafu mgongo ukaanza kupinda kama upinde kila mlango ulipogongwa. Ilikuwa pepopunda. Walimteremsha mjini juu ya pikapu ya kanisa, katikati ya magunia ya viazi ambayo hakuna aliyekumbuka kuyashusha.

Daktari alieleza kwamba mshtuko mmoja mkubwa zaidi ungemuua. Ingebidi apewe dawa ya kulegeza mwili mzima, na mwili ukishalegea wote, hata kifua hakitaweza kupanda. Kwa hiyo angetobolewa kooni, aingizwe mrija, na mashine imvutie pumzi mpaka sumu iishe mwilini. Kazi ya kuwafafanulia jamaa ilinipata mimi, kama msomi. Nilisimama kwenye baraza ya hospitali nikaeleza kwa mikono na miguu. Dada mkubwa wa mama mkwe, ambaye tangu hapa nitamwita Shangazi kama mke wangu alivyomwita, ingawa kwa haki ni mama mkubwa, alinisikiliza hadi mwisho akiwa amenipa mgongo.

"Kwa hivyo daktari anamuua kidogo," alisema, "halafu hiyo mashine inakataa."

Nikasema ndiyo, ni karibu hivyo. Aliguna kwa huruma, akawaambia wengine kwamba ameelewa, wasinisumbue tena.

Mashine yenyewe ilikuwa kubwa kama meza ya cherehani, imepakwa rangi ya kijani. Juu yake mvukuto wa mpira ulipanda na kushuka mfano wa kodiani, ukiwa umebebeshwa vipande vya chuma vya kuusukuma chini. Mwendo wake ulirekebishwa kwa gia na mnyororo wa baiskeli. Sitanii: ilikuwa gia ya baiskeli halisi, na mnyororo ulipoanza kulia aliitwa Singasinga mmoja mwenye karakana mjini, akaja na kopo lake la mafuta, akaupaka taratibu kama anayempaka mtoto. Bomba lilitoka kwenye mashine likaenda shingoni mwa mgonjwa. Ubavuni palikuwa na geji yenye mshale. Pumzi ikiingia kifuani mshale ulipanda, ikitoka ulishuka.

Kitu kimoja mashine ile haikuwa nacho ni sauti ya kuita watu. Majuzi nilikwenda Nairobi kumwona rafiki aliyelazwa katika chumba cha namna hiyo. Nilimwona kupitia kioo. Kila kilichomzunguka kilipiga kelele: moyo una kengele yake, pumzi ina kengele yake, hata dripu ikiisha hulalamika. Sikuruhusiwa kuingia, wala hakuna aliyenihitaji. Katika Nakuru yetu bomba likichomoka mashine haikujali, iliendelea kuhema peke yake. Kengele ilikuwa mtu.

Na manesi walikuwa wachache. Kwa hiyo Sista aliyesimamia chumba kile, mama mpana wa mabega aliyesomea ng'ambo na aliyeogopwa hata na madaktari, alikuwa na sheria yake: mchana mgonjwa wa mashine hakai bila mtu wa nyumbani pembeni, usiku atakaa nesi wa zamu. Alituvisha makoti ya kijani na kutufundisha. Tazama kifua, kinapanda pande zote mbili? Tazama kucha, zina rangi gani? Tazama geji. Shika mshipa wa mkono usikie moyo unavyokwenda. Ukiona jambo usilolielewa, usilifikirie, niite.

Mke wangu alichukua asubuhi, akiwa na mimba ya miezi ya mwisho, miguu imevimba. Kaka yake alikuwa askari wa kambi ya Lanet, lakini wakati huo kikosi chake kilikuwa mbali kaskazini. Shangazi alikuwa na ng'ombe wa kukama, wake na wa mgonjwa. Alasiri ikakosa mtu. Shule zilikuwa zimefungwa. Jamaa wote walinitazama, kisha, wakikumbuka, wakatazama chini.

Sista hakukumbuka, au alijifanya hakukumbuka. Aliniita mlangoni.

"Wewe ni mtoto wake?"

"Mimi ni mkwe, Sista."

"Sawa. Macho unayo?"

Nikamwambia ninayo, ila kwa mgonjwa huyu hayana ruhusa. Kwao Sista nako kulikuwa na mambo ya wakwe, nilijua kwa jinsi alivyovuta pumzi. Kifua cha mama mkwe ndicho kilichotakiwa kuachwa wazi na kukodolewa macho alasiri nzima. Aliniacha nimalize kueleza mila, pamoja na maneno mawili matatu niliyoyapata chuoni kuhusu maana ya mila katika jamii.

"Mwalimu," akasema, "huyu mama akifa mikononi mwako, utakuwa umemheshimu sana."

Baraza likakaa palepale kwenye korido. Ni Shangazi aliyelimaliza. Aliuliza kama hospitali haina pazia. Ilikuwa nalo, la kitambaa cha kijani kwenye fremu ya magurudumu. Basi mgonjwa alale upande mmoja wa pazia, na mimi na mashine tukae upande wa pili, bomba likipita chini. Mimi nitazame mashine. Haikuwa mama wa mtu. Sista alisema huo ni ulinzi wa nusu, lakini nusu ataimalizia yeye, na akaondoka akinung'unika kwa lugha ya kwao.

Hivyo ndivyo nilivyokaa alasiri baada ya alasiri nikiangalia mvukuto. Nilibeba riwaya nene niliyokuwa nimejiahidi kuisoma tangu chuoni, na sikuvuka ukurasa wake wa kwanza, kwa kuwa kila sentensi ilikatwa na pumzi. Jua liliingia kwa madirisha ya juu likatembea sakafuni. Upande wa pili wa pazia sikusikia kitu. Nilijua yupo kwa sababu mshale ulipanda. Baada ya siku kadhaa nilijikuta napumua pamoja na mashine, hata nikiwa njiani kurudi nyumbani. Jirani alinisimamisha akaniuliza kama nina pumu.

Nilipofika, mke wangu alikuwa ameegemea mto, miguu juu ya kiti. Yeye alinieleza rangi ya mama yake asubuhi, kucha zake, joto la mkono wake. Mimi nilimweleza geji. Kati yetu wawili tulikuwa mlinzi mmoja kamili. Hatukuwa watu wa kuambiana maneno matamu, lakini sijawahi kuzungumza na mtu kwa makini kama nilivyozungumza naye jioni zile, juu ya mshale uliokuwa umepanda vizuri.

Jumapili moja wanawake wa kanisa waliteremka kutoka Mau Narok kwa lori, Shangazi akiwa mbele. Walivaa makoti ya kijani juu ya sweta zao, wakaingia wawili wawili, wakaomba kwa sauti ya chini. Waliposikia ubaridi wa sakafu ya saruji walishtuka, maana watu wa Mau humjua adui mmoja tu, naye ni baridi. Nilisikia upande wa pili blanketi zito likifunuliwa na mgonjwa akifunikwa mpaka kidevuni. Kisha Shangazi akazunguka pazia akaja upande wangu. Nikageuza uso, maana naye ni mama mkwe vilevile. Akaitazama mashine, mnyororo wake, mafuta yake.

"Kitu inashikia dada yangu roho," aliuambia ukuta, "inakaa uchi namna hii?"

Aliyeishi miaka ile ataelewa. Hapakuwa na nyumba ya Mkristo isiyokuwa na vitambaa. Redio ilivishwa kitambaa, viti vilivishwa mgongoni na mikononi, sahani ndani ya kabati zilivishwa. Mke wangu alikuwa ameivisha Volkswagen kitambaa mbele ya usukani. Kitu chenye thamani hakikuachwa wazi kama kisicho na mwenyewe. Shangazi akatoa kikapuni kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua mekundu pembeni na maneno Karibu Wageni katikati, akakitandika juu ya mashine, akakinyoosha, akakiteremsha vizuri mbele. Kikafunika geji yote.

Nilijua si sawa. Lakini mkwe havui kilichovishwa na mama, tena mbele ya macho yake, na nikapanga kumweleza Sista akishapata nafasi. Sista hakuwa na nafasi. Yeye na daktari walikuwa wameinama juu ya kitanda cha tatu, ambako dereva aliyepata ajali kwenye barabara ya Nairobi alikuwa akivuja damu kuliko alivyotiwa. Wanawake wakamaliza, wakaaga, nikasikia viatu vyao vikipungua koridoni.

Nilikuwa nanyoosha mkono kukiinua kitambaa wakati mashine ilipobadilisha mwendo. Sikuhesabu wala sikukumbuka somo lolote. Ni kwamba mvukuto siku zote ulishuka kama mtu mzima anavyokaa kitini, kwa kujishikilia, na sasa ulianguka kama mtu aliyevutiwa kiti. Nikainua Karibu Wageni. Mshale ulikuwa umelala. Mvukuto ulipanda, ukaanguka, na mshale haukutikisika.

Nikamwita Sista. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya jeraha la dereva, na asingeweza kuitoa. Hakupaza sauti.

"Ingia," alisema. "Shika mfuko."

Mfuko ulikuwa mpira mweusi wa kusukumia pumzi kwa mkono, ulioning'inia kichwani pa kitanda kwa siku kama hiyo. Upande wa pili wa pazia. Nilisimama mbele ya kile kitambaa cha kijani, na sitadanganya kwamba sikusimama. Msomaji wa leo ataniona mjinga, naye ana haki, ila mtu hulelewa kwa miaka yote asivuke mahali fulani, kisha anaambiwa avuke kwa neno moja. Nilisimama kwa muda wa pumzi moja, na pumzi hiyo haikuwa yangu. Halafu nikasukuma pazia. Gurudumu lake moja lilikuwa bovu. Likapinduka lote likaanguka kwa kishindo, na hivyo hata baadaye sikuweza kusema niliingia kwa adabu.

Nikatupa blanketi. Uzito wake ulikuwa umelivuta bomba likachomoka kwenye mrija wa kooni. Mama mkwe alilala chali bila kutikisika, macho yamefunikwa pamba yenye maji ili yasikauke, midomo ya rangi ya zambarau. Nilibandika mfuko kwenye mrija nikafinya.

Kisha, kwa kuwa nililelewa vizuri, nikajitambulisha.

"Mama, ni mimi mkwe wako," nikasema. "Naomba radhi. Sitazami."

Nikafumba macho. Shida ni kwamba aliyefumba macho hajui kama pumzi inaingia kifuani au inapita pembeni. Nikafumbua jicho moja. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi ile, jicho moja likiwa kazini na la pili likiwa kwenye heshima, na mikono ikifinya na kuachia, kufinya na kuachia. Zambarau ikaanza kuondoka midomoni. Ikaondoka taratibu mno, kama giza la asubuhi ya mvua. Niligusa ukucha wa kidole chake, mimi ambaye sijawahi kumpa mkono, nikauona ukirudia wekundu. Moyo wake ulipiga chini ya kidole changu, au ulikuwa wangu, sikuweza kuitenganisha.

Sista alikuja akifuta mikono. Alirudisha bomba, akalifunga kwa utepe, akaweka sikio kifuani upande huu na huu, akasimama kidogo kuhakikisha mshale unapanda. Baadaye akakichukua kitambaa cha Shangazi, akakikunja mara nne na kukitia mfukoni. Nikamwuliza kama mama atapona. Akasema kwa leo yupo.

"Ulikuwa unaongea na nani?" akaniuliza.

"Na yeye. Nilimwambia ni mimi."

"Mbona? Macho yamefunikwa. Angedhani ni nesi."

Nikasema nilidhani hasikii, nilisema tu kwa adabu. Sista akaanza kutabasamu, akajizuia, ikamshinda.

"Anasikia kila kitu, Mwalimu. Hiyo dawa inalaza nyama. Masikio hailazi."

Pazia likasimamishwa tena, mimi nikarudi upande wangu. Nilipomsimulia mke wangu jioni ile alilia kwanza, kwa muda mrefu, ameshika tumbo. Halafu akafuta uso akaniuliza kama nilitazama. Nikamwambia, jicho moja. Akacheka na kulia kwa pamoja.

Baada ya siku nyingi dawa ilipunguzwa. Mama mkwe akakunja kidole, kisha mkono, kisha akaanza kuvuta pumzi yake mwenyewe kidogo kidogo, akigombania na mashine mpaka ikashindwa. Siku waliyoivuta mashine na kuitoa chumbani, mimi sikuwepo. Sikuwa tena na ruhusa. Sasa alikuwa na macho. Nilibeba uji mpaka langoni nikampa mke wangu auingize. Shangazi alituma neno kwamba kwa jambo lililotokea ni vizuri mama apelekewe shali, ajifunike. Nilinunua nzito kuliko zote, nikaipeleka kwa mkono wa mke wangu. Hakuna jibu lililorudi. Nilijiambia kwamba kuwa hai kwake kunatosha, na nilikuwa nasema kweli, ingawa kila nilipomkumbuka masikio yaliniwaka moto.

Mtoto wetu alipokuwa na nguvu za kusafiri tulimpeleka Mau Narok akamwone bibi yake. Volkswagen ilikubali. Tulipanda katikati ya mashamba ya ngano, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye nyaya za ua. Nilikaribishwa sebuleni, nikakalishwa kwenye kiti kilichovishwa, nikapewa chai. Mke wangu aliingia jikoni na mtoto. Kati yangu na jiko palikuwa na ukuta wa mbao uliokwisha kupasuka, na kupitia kwake nilisikia kisu kikimenya viazi, mtoto akichezewa, na sauti ambayo sikuitambua mara moja, kwa kuwa mrija uliiacha na mikwaruzo. Walizungumza habari za ng'ombe, habari za mbolea. Halafu sauti ile ikapandishwa kidogo, ya kutosha kuvuka mbao.

"Mwambie huyo mtu yako, alikuwa anafinya haraka sana. Kama mtu anakama ng'ombe ya wenyewe."

Mke wangu, ambaye alijua fika kwamba nimesikia, akaja mlangoni akaurudia ujumbe wote kama inavyotakiwa, neno kwa neno, uso mkavu.

"Mwambie nilikuwa naogopa," nikasema.

Akarudi ndani akamwambia. Kisu kiliendelea na kiazi chake mpaka kikaisha.

"Mwambie hata mimi."